Maswali ya Alhamisi

Jumatatu, 9 Machi

Saluni imefungwa. Maji yameingia hadi chini ya viti, na mwenye jengo anasema atatengeneza paa mvua zikiisha, yaani tukae tukiomba huruma ya mawingu. Mimi ni msusi. Mikono yangu ikikosa kichwa cha mtu inatafuta ugomvi, kwa hiyo nimeipa kalamu.

Nyumbani tuko watano. Mama, ambaye ndiye serikali. Mdogo wangu wa kiume, dereva wa lori, ambaye tunamsikia kwenye simu zaidi ya tunavyomwona. Mke wake, wifi yangu, aliyejifungua mwishoni mwa mwezi uliopita. Mtoto wao wa kike, ambaye nimempachika jina la Bosi, maana tangu aingie humu hakuna anayekaa chini bila ruhusa yake. Na mimi, niliyerudi kwa Mama baada ya ndoa yangu kufa, sina mtoto, nina sanduku la mashuka tu.

Mvua inapiga bati kiasi kwamba mtu akikutukana humsikii. Afadhali.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Wifi hakutoka chumbani.

Jumatano, 11 Machi

Leo niseme la moyoni, si ni daftari langu. Wifi anadeka. Mtoto akilia, yeye yuko pale pale kitandani, uso ukutani. Nikimpelekea Bosi anyonye, anajifungua gauni, anamweka, anatazama ukuta kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Bosi akishiba ananirudishia. Hasemi hata "asante wifi." Nepi nafua mimi, uji nakoroga mimi, kuamka naamka mimi. Kwani nilizaa mimi?

Na nywele zake! Misuko ile nilimsuka mwenyewe mimba ikiwa kubwa, na alipendeza, watu walisimama njiani wakauliza nani kamsuka. Sasa nywele mpya zimeota chini, zimejikamata, zinaanza kunuka mto. Nimemwambia, "Wifi, njoo nikufumue, nikuoshe, utajisikia mtu." Akasema, "Kesho." Jana pia alisema kesho.

Jioni Mama amerudi kwa muuza mayai na habari. Eti watu wa afya wanapita nyumba zenye watoto wachanga. Eti kuna mwanamke nyuma ya soko alikuwa halali wala hali, analia ovyo, wakaja wakaona kachanganyikiwa, wakamchukulia mtoto. Mwanamke mwenyewe hakuonekana tena mtaani.

"Muuza mayai kaona kwa macho yake?" nikauliza.

"Wewe bisha tu," akasema Mama. Lakini nilimwona akitazama mlango wa chumba cha wifi.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa sebuleni, Bosi begani, nampiga mgongo acheue. Hodi. Nikafungua, nikakuta mwavuli mkubwa wenye ubavu uliovunjika, na chini yake dada mmoja wa makamo, mkoba wa kituo cha afya, mabuti ya mpira yamejaa tope. Akayavua mlangoni bila kuambiwa. Akaingia na soksi zenye matundu, akacheka mwenyewe: "Msinitazame miguu, nitazameni uso." Nikampenda hapo hapo. Nimempa jina la Dada Mwavuli.

Akasema anatembelea wazazi wenye watoto wachanga, kuona wanaendeleaje, mtoto na mama. Akasoma jina la wifi kwenye karatasi yake, akaniangalia mimi na mtoto begani. "Ndiye wewe, mama?"

Nilifungua mdomo kusema hapana. Sauti ya Mama ikatoka jikoni kabla yangu.

"Ndiye huyo!"

Mama akaja akijipangusa mikono, akasimama mbele ya mlango wa chumbani. Akanitazama. Namjua Mama tangu nilipokuwa mdogo, najua jicho la "nyamaza" na jicho la "nitakuua." Hili halikuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa anaogopa. Sijawahi kumwona Mama akiogopa.

Basi Dada Mwavuli akaniita kwa jina la wifi yangu, nami nikaitika.

Akampima Bosi, akamtazama kitovu, akanionyesha namna ya kumlaza. Akataka kuniangalia tumbo. Mama akadakia, "Ameangaliwa hospitali jana, hana tatizo." Uongo ulimtoka laini kama mafuta. Dada Mwavuli akaniuliza, "Na wewe, mwenyewe unaendeleaje?"

Nikasema, "Naendelea vizuri."

Akasema atarudi baada ya wiki mbili, kila Alhamisi ya pili. Alipotoka, mimi na Mama hatukutazamana. Mama akachukua fagio akafagia mahali palipokuwa pasafi.

"Mara moja tu," akasema. "Ili wasimchukue mtoto. Wifi yako akipata nguvu, tutasema ukweli, tutacheka wote."

Ijumaa, 13 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Barabara imekatika huko aliko, wanasubiri maji yapungue. Akauliza hali. Mama akajibu, "Shwari kabisa." Wifi alipopewa simu akasema, "Niko sawa," akairudisha.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Nepi hazikauki. Nyumba nzima inanuka sabuni na unyevu.

Jumamosi, 21 Machi

Bosi ametabasamu. Mama anasema ni gesi. Gesi gani inayomtazama mtu machoni?

Nilikimbia kumwonyesha wifi. Akamtazama mwanawe muda mrefu, akasema, "Anakupenda wewe." Hakusema kwa wivu. Ningependa angesema kwa wivu.

Alhamisi, 26 Machi

Tangu alfajiri Mama kapiga deki, katandika kitambaa cha wageni, kanivalisha gauni la wifi, lile la maua, lenye vifungo vya kunyonyeshea. Wifi kafungiwa mlango. Mama alimwambia, "Pumzika mwanangu, usisumbuke, sisi tutaongea naye."

Dada Mwavuli kaja amelowa upande mmoja, upande ule wa ubavu uliovunjika. Maswali yake ni ya kawaida, lakini anayauliza kama ana siku nzima. Unalala? Unakula? Nani anakusaidia? Unapata muda wa kukaa peke yako bila mtoto?

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nilifurahi. Katika maisha yangu sijaulizwa kama nalala. Kwenye ndoa yangu niliulizwa chakula kiko wapi, na baadaye niliulizwa mtoto yuko wapi. Sasa mtu kavua mabuti, kaja kukaa kwenye kiti chetu kunisikiliza, ananiita mama. Nikamjibu kwa raha zote. Nalala vizuri, nakula vizuri, bibi yake ananisaidia sana. Mama akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda.

Kisha akasema, "Hebu mnyonyeshe, nione anavyolikamata titi."

Vifungo vya wifi kifuani kwangu, na ndani hamna kitu! Mama akasema mtoto kashiba. Bosi, kwa usaliti wake, akaanza kutafuta na mdomo kwenye gauni langu. Nikasimama, nikamzungusha, nikasema, "Ninaona haya, dada. Nikitazamwa maziwa hayatoki."

Akanitazama. Nikadhani tumekwisha. Akasema tu, "Wengi wanaona haya. Siku ukiwa tayari." Akaniambia mambo ya kumkalisha mtoto, ya kunywa maji, nikayashika yote ili nimweleze wifi.

Sikumweleza. Nilipoingia chumbani nilimkuta kakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, nikausukuma ukamgonga. "Unafanya nini chini?" nikamuuliza. Akasema, "Kuna baridi kidogo, nzuri."

Jumanne, 31 Machi

Muuza mayai kaniambia nimenenepa, eti kumlea mtoto wa wifi kumenikubali. Nikamwambia na yeye aangalie mayai yake, moja la wiki iliyopita lilikuwa na kifaranga.

Jumapili, 5 Aprili

Mdogo wangu alikuja juzi, kaondoka leo. Nataka niandike hili vizuri kwa sababu linanisumbua.

Aliposikia lori linazima nje, wifi aliamka. Aliamka kweli! Akaoga, akafunga kitambaa kichwani akaficha zile nywele, akapaka mafuta, akaenda jikoni akapika. Akampakulia mumewe, akamkalisha mtoto mapajani akamwimbia. Mdogo wangu anacheka, anasema, "Dada, huyu mwanamke chuma." Mama ananikonyeza: unaona? Alikuwa anadeka tu.

Leo lori lilipopinda kona, wifi alikuwa bado anapunga mkono. Akaushusha. Akanipa mtoto, akaingia ndani, akalala na viatu. Nilimvua viatu mwenyewe. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyebeba magunia.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika viatu. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nikakosa hasira.

Jumanne, 7 Aprili

Nimejaribu kumlisha wifi uji kwa kijiko. Vijiko vinne. Mvua haikatiki.

Alhamisi, 9 Aprili

Dada Mwavuli alikuja mapema. Nilikuwa tayari kwenye gauni la maua. Nimeshaanza kulizoea, na hilo silipendi.

Bosi anakua, kila mtu kafurahi. Kisha akaniambia ana maswali mengine ambayo huwauliza wazazi wote, si mimi tu, nisione ananishuku. Je, kuna siku nalia bila sababu? Hapana. Je, najiona sifai kuwa mama? Hapana, dada. Je, umewahi kuwaza kujidhuru?

Nikacheka. Nikasema, "Mimi? Nife, halafu nepi afue nani?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Dada Mwavuli naye akacheka, akasema nina moyo mzuri, akinamama kama mimi wanahitajika. Akanialika kituo cha afya Jumanne, kuna kikundi cha wazazi, wanakaa wanazungumza, huenda nikawatia moyo wengine.

Ndani ya chumba kulikuwa kimya. Kimya kabisa.

Jumanne, 14 Aprili

Mama hakutaka niende. Nilienda kwa sababu nilichoka kukaa ndani, na, nisijidanganye, kwa sababu nilitaka kukaa na kinamama na mtoto mapajani.

Chumba cha nyuma ya kituo, viti vya plastiki vimepangwa duara, picha ya titi ukutani imebanduka pembe moja. Wanawake wachache na baba mmoja, fundi wa friji, mkewe kazini. Ndoo inakinga maji katikati. Kila mtu anazungumza kwa zamu, na ndoo inasema tip, tip.

Fundi wa friji alisema anaogopa kumwosha mwanawe, mikono yake migumu. Tukamcheka kidogo, naye akacheka. Kisha zamu ikafika kwa muuza vitambaa mmoja, mwanamke mzuri wa sura, kajipamba, mtoto wake mkubwa kidogo kuliko Bosi. Akasema hivi, nimejaribu kukumbuka maneno yake yote:

"Nilimtazama nikaona mtoto wa mgeni. Mgeni amemsahau kwangu, atakuja kumchukua. Wageni wakija nilikuwa nacheka, nawapikia. Wakitoka, hata kuinua kikombe siwezi. Mama mkwe anasema mvivu. Na mimi nikaamini. Nikasema, kama ni uvivu tu, basi mimi ni mtu mbaya, na mtoto atakuwa salama nisipokuwepo."

Hakuwa anajisema yeye peke yake. Alikuwa anamsema mtu aliyelala kwetu, uso ukutani, mtu niliyemwandika humu kwamba anadeka.

Dada Mwavuli akasema ni ugonjwa. Akasema kwa sauti ya mtu anayesema mafua ni ugonjwa. Unatokea baada ya kuzaa, unatibika, anayeusema mapema anapona mapema. Kisha akanigeukia mimi, mama mwenye moyo mzuri, niwatie moyo wenzangu.

Wote wakanitazama. Bosi yuko mapajani kwangu. Nikasema, "Mimi sina la kusema. Mimi niko sawa."

Njiani nililia, mvua ikanisaidia.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimemwambia Mama yote. Wifi hadeki, ni mgonjwa. Tumwambie Dada Mwavuli.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi nilizaa sita, nikazika wawili," akasema. "Nilimzika mmoja Ijumaa, Jumamosi nikaamka nikachota maji. Nani aliniuliza kama nalala?"

"Ndiyo nasema, Mama. Hakuna aliyekuuliza."

Mchele ukawa unapita kwenye vidole. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Na wakimchukua mtoto? Utamjibu nini mdogo wako? Kwamba tulikaa wanawake wawili ndani ya nyumba, tukashindwa kumlinda mtoto mmoja?"

Nikakubali tusubiri hadi mdogo wangu arudi. Nilikubali mimi mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

Jumamosi, 18 Aprili

Simu ya mdogo wangu haipatikani. Mvua.

Jumatatu, 20 Aprili

Haipatikani.

Jumatano, 22 Aprili

Naandika haraka, nisamehewe mwandiko.

Leo wifi aliamka mwenyewe. Akamwogesha Bosi. Mama akafurahi, akaniambia, "Si nilikuambia?" Akaenda sokoni. Mimi nilikuwa uani nakamua nepi, kulikuwa na kiangazi cha dakika chache, nikataka niziwahi. Mvua iliporudi nikakimbia ndani na beseni.

Bosi alikuwa kitandani, katikati ya mito, amefunikwa vizuri, amelala. Kando yake nguo zake zote zimekunjwa, zimepangwa kwa ukubwa. Nepi upande huu, sweta upande huu. Na juu kabisa, gauni la maua. Limekunjwa kwa ajili yangu.

Viatu vya wifi vilikuwa mlangoni, vyote viwili.

Sijui nilimwachaje mtoto. Nilimwita jirani kwa kupiga kelele dirishani, nikatoka na miguu mitupu. Nilikimbilia kituo cha mabasi, sikumwona. Nikauliza watu waliojibanza chini ya paa la ghala, mmoja akanyoosha mkono kuelekea mtaro mkubwa, ule unaopokea maji ya mtaa wote. Siku hizi unanguruma usiku na mchana. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, gauni limemganda mwilini, anatazama maji. Nilipomwona yuko hai, nikaenda zile hatua za mwisho kama mlevi. Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono kwa nguvu. Hakuuvuta.

"Twende nyumbani, wifi. Unalowa."

"Bosi yuko na nani?"

"Yuko na jirani."

"Wewe unamweza," akasema. "Anakutabasamia. Nimewapangia kila kitu."

"Sitaki vilivyopangwa! Nakutaka wewe!" Nilimpigia kelele. Mtu aliyetaka kujitupa majini, na mimi nampigia kelele, ndivyo nilivyo. Kisha nikalia. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama maji.

Halafu akasema, "Yule dada wa mwavuli ana sauti nzuri."

"Umemsikia?"

"Huwa nakaa chini, mgongo kwenye mlango. Nasikia kila kitu. Akikuuliza unalala, mimi nasema moyoni, silali. Akikuuliza unakula, nasema, chakula kinanikaba. Nilikuwa nazingoja Alhamisi, wifi. Nilikuwa naona ananiuliza mimi." Akajipangusa maji usoni. "Siku ile akauliza lile swali. Nikasema, sasa wifi atasema ndiyo. Atasema tu, hata kwa kukosea. Ukacheka."

Nilicheka kweli. Nimeandika humu humu ndani kwamba nilicheka.

Nilimfunika na kitambaa changu cha kichwa, kimelowa na chenyewe. Nikamwambia, "Kesho ni Alhamisi. Kesho utajibu wewe."

"Watamchukua Bosi."

"Mimi sijui watafanya nini. Lakini sitajibu tena kwa niaba yako. Naapa."

Tulirudi tukiwa tumeshikana kiuno. Mama alikuwa mlangoni, Bosi mkononi, kikapu cha soko kimemwagika miguuni pake, vitunguu hadi nje. Hakuuliza. Alimtazama wifi kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, akaenda kuchemsha maji. Nimelala, au tuseme nitakesha, kwenye mkeka mlangoni kwa wifi. Mlango uko wazi.

Alhamisi, 23 Aprili

Hata baada ya jana, Mama asubuhi alilileta gauni la maua, limepigwa pasi.

"Leo tu," akasema. Macho yamevimba, alikuwa analia peke yake. "Leo tu mwanangu, halafu tutampeleka wenyewe kwa daktari wa mbali, kimya kimya."

"Sivai, Mama."

"Wakimchukua..."

"Jana alikuwa amejichukua mwenyewe."

Akakaa chini na gauni lake.

Hodi ikapigwa. Mwavuli, mabuti, soksi. Dada Mwavuli akaniita kwa jina la wifi. Sikuitika. Akaniita tena.

"Hilo si jina langu," nikasema. "Mimi ni wifi yake. Shangazi wa mtoto. Sijazaa mimi, dada. Tulikudanganya tangu siku ya kwanza."

Alibaki amesimama, mkoba begani. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, Alhamisi moja baada ya nyingine, na uso wake ukabadilika, na nikajua sasa anafika kwenye lile swali. Akasema, "Na mlicheka." Alikuwa na hasira, alikuwa na haki. "Mmeniacha naipita nyumba hii natoka naimba. Nimewasifu ofisini. Mwenyewe yuko wapi?"

Wifi alikuwa ameshafungua mlango. Alisimama pale na zile nywele zake, shuka mabegani, akishikilia fremu. Dada Mwavuli akaweka mkoba chini. Hakuenda kwenye kiti. Alikaa sakafuni, pale pale chini ya mlango, akapigapiga sakafu kando yake, na wifi akashuka taratibu akakaa.

Alianza upya, kama vile hajawahi kuuliza katika nyumba hii.

"Unalala?"

"Analala mcha..." Mama akaanza, kwa mazoea.

"Mama, nakuomba," akasema Dada Mwavuli bila kugeuka. "Leo anajibu mwenyewe."

"Silali," akasema wifi.

"Unakula?"

"Hakishuki."

Yakaja yote, moja moja, na majibu yakawa mafupi, na kila jibu lilikuwa kinyume cha nililowahi kutoa mimi. Mvua ilikuwa juu ya bati, ikabidi wainamiane. Mwisho akauliza, "Umewahi kuwaza kujidhuru?"

"Ndiyo," akasema wifi. "Jana. Na leo asubuhi."

Mama alijifunika uso kwa lile gauni la maua, akalia kwa sauti. Sijawahi kumsikia hivyo. Nadhani alikuwa analia na wale wawili aliowazika pia, lakini sikumuuliza. Nitamuuliza.

Dada Mwavuli alipiga simu, gari likaja. Mama akamshika mkono: "Mtamchukua mtoto?"

"Mtoto ananyonya. Atakwenda na mama yake."

"Na yule wa nyuma ya soko?"

"Alikwenda na mwanawe, akarudi na mwanawe," akasema. "Akahama. Midomo ya watu ilimshinda." Akavaa mabuti. Mlangoni akanigeukia, nikajiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Lete nguo zake. Na usichelewe." Hakunisamehe, wala sikumwomba.

Ijumaa, 24 Aprili

Nyumba kimya. Hakuna nepi kwenye kamba. Mara mbili nimeinuka kitini nikidhani nimesikia analia.

Jumatatu, 27 Aprili

Mdogo wangu kapatikana. Nimemwambia mimi. Akasema, "Dada, alinipikia. Alinipikia na mimi nikala." Yuko njiani.

Alhamisi, 30 Aprili

Wameturuhusu kumwona. Mama alikaa nje kwenye benchi, anasema ataingia kesho, bado hajajua atasema nini. Nimemwacha.

Wodi ni ndefu, madirisha juu, yamefunguka kidogo tu. Wifi amekaa kitandani, dawa zimemfanya mzito, maneno yanachelewa. Hajapona. Daktari amesema tusitegemee wiki, tutegemee miezi, na kwamba zitakuwepo siku za kurudi nyuma. Nilipomuuliza anajisikiaje alifikiri muda mrefu akasema, "Sijui, wifi." Nikashukuru, maana angeweza kusema yuko sawa.

Bosi alikuwa anapiga kelele kwenye kitanda chake kidogo. Mikono yangu ikaenda yenyewe, nikambeba, akanuka maziwa, akanyamaza, akanitambua. Akanitabasamia! Muuguzi akapita na sinia la dawa, akanitazama, akatazama kitanda.

"Wewe ndiye mama?"

Wifi aliinua macho.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni wifi yake. Mama ni huyu."

"Basi mpe, muda wa kunyonya."

Nikampa. Bosi alilia alipotoka kifuani kwangu, na mimi nilitaka kulia naye. Wifi alimpokea kwa mikono miwili, kwa kusitasita. Hakutabasamu. Hakumwimbia. Lakini hakutazama ukuta. Alimtazama yeye, akatafuta namna ya kumkalisha, akakosea, akajaribu tena.

Sikumsaidia. Nilivuta kiti cha wageni, nikakaa nyuma yake, nikatoa kitana changu kwenye mfuko. "Wifi, nikufumue?"

Hakusema kesho. Aliinamisha kichwa, nikaanza na msuko wa kwanza.